Barua ya Kuapa Kwamba Atarudi

Mama alikataa kutia sahihi.

Tulikuwa kwa kamishna wa viapo mjini Busia, chumba kidogo nyuma ya duka la simu, na watu wamejipanga hadi barazani. Mama alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, mikono ingali inanuka mukene, wale dagaa wa ziwani. Akaisoma karatasi, akaisoma tena, kisha akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Ngoja kwanza, bwana. Mimi ndiye niape kwamba mtoto atarudi? Kurudi kwake kuko kwa Mungu. Nikiapa halafu asirudi, nani atakuwa mwongo?"

Kamishna akavua miwani. "Mama, wenzako wote wanatia tu sahihi."

"Wenzangu wana yao."

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Wakili tangu shule ya msingi kwa sababu ya ubishi, alikuwa akitazama dari. Mwaka wa nne wa sheria, safari ya Uholanzi iko mlangoni, viza inangojea barua hiyo, na shahidi wake wa kwanza amegoma.

(Alirudi. Nalisema mapema ili usisome haya yote roho ikiwa juu.)

Tangu siku ile kuna jambo limenikaa, na si ukaidi wa Mama. Ni kwamba alikuwa na haki. Kila nikijaribu kuandika mambo mengine hapa, nalikuta limenitangulia.

Faili

Kozi yenyewe ni ya wiki tatu, mwezi wa Julai, katika Chuo cha Sheria ya Kimataifa cha The Hague. Kilianzishwa mwaka 1923, na kiko kwenye viwanja vya Kasri la Amani, pale pale inapokaa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vijana wa sheria wanatoka kila pembe ya dunia, mihadhara ni ya Kiingereza na Kifaransa. Wakili alisaidiwa ada. Nauli na mengine yote yalikuwa juu yetu.

Habari zilipoenea, ushauri ulimiminika, na karibu wote ulihusu sanduku. Chukua koti. Chukua pilipili. Usisahau Biblia. Hakuna aliyetaja karatasi, na karatasi ndizo zilizokuwa safari yenyewe.

Pasipoti ilikuwa rahisi. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Kilichotutoa jasho ni jina. Jina la ukoo la Wakili lina herufi r kwenye vyeti vya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na l kwenye kitambulisho cha taifa. Kwetu hayo ni matamshi tu, na hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili yake. Kwa mtu anayefungua faili ofisini na hajawahi kufika Busia, hao ni watu wawili. Ikabidi Wakili aape kwamba yeye ni yeye.

Kama unasoma sheria na una ndoto ya kozi ya nje, weka mezani leo cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani, kitambulisho na pasipoti, ulinganishe herufi kwa herufi. Fanya hivyo mwaka wa kwanza, usisubiri barua ya kukubaliwa.

Kuhusu muda: viza ya Schengen unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 15, lakini wana ruhusa ya kufika 45. Ukipiga hesabu ya 15 na wao wakachukua 45, ndege itaondoka bila wewe. Nafasi za miadi nazo huisha mapema. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukikataliwa. Bima ya safari iwe ya kugharimia matibabu hadi angalau euro 30,000, na ifunike siku zote za kukaa huko.

Hayo yote mtu anaweza kuyapata kwa kupiga foleni. Tatizo lilikuwa Mama.

Mama anafanya biashara tangu sijazaliwa. Anauza upande wa Uganda, wateja wake nusu wanatoka upande wa Kenya, na ametusomesha sote. Lakini hana akaunti ya benki. Pesa yake iko kwenye simu, kwenye chama cha akiba, na kwenye daftari la madeni ambalo yeye peke yake anajua kulisoma. Uwanja wa Baba ni ardhi ya kimila. Katiba ya mwaka 1995 inaitambua kabisa ardhi ya namna hiyo, sawa na mailo, ule umiliki wa ardhi wa Buganda, na nyingine, ila alichonacho Baba mkononi ni karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa kalamu na kugongwa muhuri wa LC1, baraza la kijiji.

Kwa hiyo nyumba ambayo haijawahi kulala njaa, kwenye faili ilionekana haina kitu.

Tukaanza kuutafsiri utajiri wa Mama kuwa karatasi. Kampuni ya simu ilichapa mtiririko wa pesa zake wa miezi 6. Chama cha akiba kikaandika barua. Leseni ya biashara tukaitoa ukutani. Mwenyekiti wa LC1 akaandika anamfahamu Baba. Mjomba aliyeko Jinja, ambaye mshahara wake hupitia benki, akawa mdhamini mkuu: barua ya udhamini, hati za mshahara, taarifa ya benki. Jambo moja tulimsihi asilifanye, nalo ni kuweka pesa nyingi kwa mkupuo wiki ile ya maombi ili akaunti ipendeze. Pesa isiyo na historia humfanya msomaji ajiulize imekopwa kwa nani.

Njia ya mkato

Rafiki yake Wakili alicheka aliposikia tunavyohangaika na daftari la Mama. "Kwa nini mnajitesa? Nenda Barabara ya Nasser asubuhi, mchana una taarifa ya benki ya mama yako, na akaunti yenyewe hana."

Kila mtu wa Kampala anaijua ile barabara. Kuna wachapaji waaminifu wengi tu pale, kadi za harusi zetu zote zinatoka huko. Na kuna wengine.

Nitasema kweli: usiku ule nilikuwa upande wa yule rafiki. Nilijiambia kwamba karatasi ya uongo ingeeleza jambo la kweli, maana pesa Mama anayo. Nilimpigia Wakili simu nimwambie hivyo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, nikimaliza kozi ya uwakili nitasimama mbele ya watu niombe kuandikishwa. Wataniuliza kuhusu tabia yangu. Nianze na hiyo?"

Sikumjibu. Mjadala ukaishia hapo, na tukarudi kwenye daftari.

Kinachomrudisha

Sasa turudi kwenye ile sahihi.

Afisa wa viza anataka kujua mambo mengi, lakini moja ndilo linaloangusha wengi: kama kuna mashaka kwamba utaondoka muda wako ukiisha. Fomu ya kukataliwa ina sababu zilizoandikwa tayari, na hiyo ni mojawapo. Mzigo wa kuthibitisha uko juu yako. Wakili alikuwa amesoma habari za mzigo wa kuthibitisha miaka minne, akazijibu kwenye mitihani, na sasa alikuwa ameubeba yeye.

Na mwaka wa nne ni mwaka mbaya wa kuubeba. Wa mwaka wa pili anasema, nina muhula unaanza Agosti, hii hapa barua ya kitivo. Wa mwaka wa nne amemaliza mitihani, matokeo hayajatoka, mahafali ni mwaka ujao, na nafasi ya kozi ya uwakili pale LDC, chuo kinachoandaa mawakili, bado ni ndoto. Hana mke, hana kazi, hana gari. Ukimtazama kwa macho ya karatasi, huyu kijana hakuna kinachomshika.

Na usiku wa siku ile ya kamishna, jikoni, watu wetu wenyewe hawakuwa wanaombea arudi. Shangazi alimvuta pembeni akamwambia, "Ukifika huko, uangalie-angalie." Jirani akasema mtoto wa fulani alikwenda hivyohivyo na leo anajenga. Kijana yuleyule tunayekusanya barua kuthibitisha kwamba atarudi, nusu ya waliotia sahihi wangefurahi asirudi.

Hilo ndilo lililonisumbua wiki zote hizi. Tulikuwa tunaapa nini?

Mama ndiye aliyekata mzizi. Alikuwa amekataa kuapa juu ya kesho, na Wakili, baada ya kununa siku nzima, akafungua maandishi yake ya somo la ushahidi akakuta Mama yuko sawa: kiapo ni cha mambo anayoyajua anayeapa. Hakuna mtu anayejua kesho. Akaiandika barua upya. Mama aliapa kwamba yeye ni mzazi, kwamba biashara ni yake, kwamba mwanawe amemwambia atarudi kozi ikiisha ili aombe nafasi ya kozi ya uwakili, na kwamba kwa miaka yote aliyomlea hajawahi kumwahidi jambo akamgeuka.

Hiyo akaitia sahihi bila kusita. Kamishna aliisoma akasema angependa kuitunza nakala.

Ambalo halikuwa kwenye orodha

Viza ilipotoka nilidhani maandalizi yamekwisha. Wakili alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Alikuja Busia na rundo la karatasi zilizochapwa pande zote mbili, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 19 Desemba 2005, Kongo dhidi ya Uganda. "Nitakaa kwenye uwanja ule wiki tatu," aliniambia. "Kuna mtu ataniuliza ninatoka wapi. Nikisema Uganda, hii ndiyo kesi atakayoitaja. Siwezi kuwa sijaisoma."

Wanafunzi wa sheria wanaijua kesi hii kama aya ya kitabu. Kongo ilifungua mashtaka Juni 1999. Mahakama ikasema Uganda ilitumia nguvu kinyume cha sheria, kwamba iliikalia kijeshi Ituri, mashariki mwa Kongo, na ilibeba wajibu wa jeshi linaloikalia nchi ya wengine, kwamba watu waliuawa na mali ikaporwa. Katika hoja ya kwanza kura zilikuwa 16 kwa 1, na aliyepinga ni James Kateka, Mtanzania ambaye Uganda ilimteua kuwa jaji wa kesi hiyo. Mahakama ilikubali pia malalamiko ya Uganda kuhusu ubalozi wake uliovamiwa Kinshasa, na hilo watu wengi hawalikumbuki.

Kwetu si aya ya kitabu. Baba alikuwa dereva wa jeshi. Alikuwa Bunia, mji mkuu wa Ituri.

Hakuwahi kutusimulia. Tulijua tu kwamba kuna miaka hakuwepo, na kwamba Kiswahili chake kina maneno ambayo hapa Busia hayasemwi. Wakili alimsubiri amalize chai, akaziweka zile karatasi kwenye stuli.

Baba akauliza, "Hawa wanasemaje?"

Wakili akamwambia, bila kupunguza. Nilitamani apunguze.

Baba alikaa kimya, halafu akauliza kuhusu Kichwamba. Juni 1998, waasi wa ADF, Waganda waliokuwa na kambi Kongo, walivamia chuo cha ufundi karibu na Fort Portal wakawachoma moto wanafunzi wapatao 80 wakiwa mabwenini. "Tuliambiwa tunawafuata hao. Mahakama yenu imewahesabu hao watoto?"

"Uganda iliwataja, Baba. Mahakama haikusema hawakufa. Ilisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba serikali ya Kongo ilihusika."

"Ushahidi."

"Ndiyo."

"Na wa Bunia walikuwa na ushahidi?"

Wakili akafika kwenye hukumu ya pili, ya tarehe 9 Februari 2022, ile ya fidia. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilisema waliokufa ni watu 180,000. Mahakama ilitaka vithibitisho, na vithibitisho vya kila maiti havikuwepo, kwa sababu vita haviandiki vyeti vya vifo. Mwishowe ikakadiria kwamba vifo ambavyo Uganda inapaswa kuvilipia ni kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa kiasi cha jumla: dola milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Jumla milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Kwenye jopo hilo alikuwepo Julia Sebutinde, Mganda, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuwa jaji wa mahakama ile.

Nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua mboga, nikamfikiria Mama na leseni yake tuliyoibandua ukutani. Sisi tulikuwa na miezi kadhaa, simu, mjomba wa Jinja na mtoto anayesoma sheria, ndipo tukaweza kuyageuza maisha ya mwanamke mmoja kuwa karatasi zinazoaminika. Mama wa kule Ituri aliyekimbia nyumba inayoungua alipaswa kubeba karatasi gani?

Baba hakukubaliana na hukumu. Nataka niliandike hilo wazi, maana wasomaji wangu wengine watatarajia alilia akaomba msamaha. Alisema yeye aliendesha lori. Alisema yako mambo aliyoyaona na hatayasema mbele ya watoto. Kisha akamwambia Wakili, "Ukiulizwa, sema baba yako alikuwepo. Usijifiche."

Ninajua wanafunzi waliokwenda kozi kama hii wamebeba kila kitu isipokuwa faili la nchi yao wenyewe. Na mimi, kama ningeachiwa niandike orodha, ningeweka bima, picha za pasipoti na soksi, basi.

Sanduku, kwa ufupi

Soketi zao si kama zetu za miguu mitatu, nunua adapta hapa mjini. Kadi ya benki iambie benki yako mapema kwamba utaitumia nje, kwani Uholanzi kuna maduka yasiyopokea pesa taslimu kabisa. Julai ni kiangazi chao, lakini koti la mvua lichukue. Maji ya bomba yananyweka. Saa tatu na nusu usiku jua bado lipo, na wasiozoea hulala kwa shida.

Nakala za karatasi zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Viza haikupi haki ya kuingia. Afisa wa mpakani pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, anaweza kukuuliza upya unakaa wapi, una pesa gani, tiketi ya kurudi iko wapi. Cheti cha homa ya manjano kitakufaa wakati wa kurudi Entebbe, na chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Ukipata homa huko, mwambie daktari neno la kwanza kabisa kwamba umetoka nchi yenye malaria, asije akakupa dawa ya mafua.

Na nguo moja nzuri. Jaji mmoja anaweza kupita koridoni.

Wiki ya pili

Jumapili moja Wakili alipiga kwa video. Alikuwa amekaa kwenye nyasi na wenzake, na mmoja wao, msichana aliyekulia Bunia na sasa anasoma Kinshasa, alikuwa amegundua wanaweza kuongea Kiswahili bila kungoja mkalimani. Wakili alikuwa ameshamwambia habari za Baba. Alimwambia siku ya tatu, akaniambia alitetemeka magoti.

Baba akaiomba simu. Nilidhani anataka kumwona mwanawe.

"Mpe huyo binti," akasema. Wakampa. Wakasalimiana kwa urefu, kama inavyopasa, habari za nyumbani, za wazazi, za afya. Kisha Baba akauliza, "Zile dola. Zimewafikia watu wa kwenu?"

Binti akacheka, si kwa furaha. "Sisi kwetu tungali tunangojea, Baba. Mfuko wenyewe wa kuzigawa ofisi yake iko Kisangani."

"Kisangani? Kutoka Bunia? Mtu anafikaje?"

"Ndiyo tunauliza."

Baba akaanza kumuuliza barabara. Ile ya Mahagi imekuwaje, ule mlima kabla ya mji, kama wakati wa mvua lori linapita. Binti akawa anamjibu, naye anauliza Baba alipita mwaka gani na alimwona nani. Mama akaja na sufuria mkononi akasimama kusikiliza. Wakili hakuonekana tena kwenye kioo, ilikuwa nyasi tu na sauti ya yule msichana.

Bando likakatika katikati ya sentensi ya Baba.

Ujumbe wa Wakili ukaingia hata sijaweka simu chini: "Dada, ongeza. Hajamjibu."

Nikaongeza.